Willy Gamba na Mapenzi ya Nchi

Katika kurasa hizi husemwa mara nyingi juu ya vitabu vinavyofaa kuwekwa mezani katika nyumba ya Mkristo. Leo twataka kusema juu ya vitabu ambavyo havikai mezani, bali hukaa chini ya mto wa kulalia, ndani ya mfuko wa shule, au siku hizi ndani ya simu. Wazazi wengine wametuomba tuvikemee. Nasi tungevikemea mara moja, kama lisingalitupata jambo ambalo hapana budi tulieleze kwanza.

Tulikuwa darasani, somo la historia, tukieleza habari za Mkwawa wa Uhehe: jinsi watu wake walivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na jinsi alivyokufa mwaka 1898 akikataa kukamatwa hai. Tukamwona kijana mmoja wa darasa la saba ametulia kupita kiasi. Macho yake yalikuwa chini, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Tulipomkaribia tukamkuta na kitabu magotini. Hakikuwa na jalada, karatasi za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, na pembezoni mwa kurasa yaliandikwa kwa kalamu ya risasi majina ya watu waliokisoma kabla yake. Kilikuwa kitabu cha Bwana Elvis Musiba kiitwacho Kikosi cha Kisasi. Tukamnyang'anya kwa hasira, maana tuliona aibu: tunahubiri habari za shujaa, naye amempata shujaa mwingine aliye mtamu zaidi.

Jioni tulikitoa kabatini ili tuione dhambi yake. Tulikusudia kusoma kurasa mbili tatu. Taa ilipokwisha mafuta, tulikuwa bado hatujakiweka chini. Basi twaungama mbele yenu kwamba tunayemhukumu leo alitushika hata sisi, na hukumu ya mtu aliyeshikwa yapasa iwe ya haki.

Willy Gamba ni nani? Ni mtu wa kubuniwa. Bwana Musiba alimleta mbele ya wasomaji mwaka 1974 katika kitabu cha Kufa na Kupona. Ni mpelelezi wa Serikali ya Tanzania, kijana mzuri wa sura, mwepesi wa mikono, hodari wa bastola, msafiri wa ndege, mpenda starehe. Bwana wake mkubwa huitwa Chifu. Katika kitabu kile cha kwanza, nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibiwa Dar es Salaam, naye Willy anatumwa Nairobi kuzifuata. Katika Kikosi cha Kisasi, kilichotoka mwaka 1979, anakwenda Kinshasa, mji mkuu wa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, kupambana na majasusi wa Makaburu wa Afrika Kusini, akisaidiana na wapelelezi wa nchi nyingine za Afrika. Vikafuata Njama mwaka 1981, Hofu mwaka 1988, na Uchu mwaka 2000. Bwana Musiba alifariki dunia mwaka 2010. Lakini Willy hakuzeeka. Tangu 1974 hata 2000 ni miaka 26, na katika miaka hiyo yote yeye ni kijana yule yule.

Si yeye wa kwanza wa namna hii duniani. Marekani walimbuni Captain America mwaka 1940, mtu aliyevaa rangi za bendera ya nchi yake, na katika jalada la kitabu chake cha kwanza alichorwa akimpiga Hitler ngumi ya taya. Hayo yalikuwa miezi kadhaa kabla ya nchi yake yenyewe kuingia vitani mwezi wa Desemba mwaka 1941. Waingereza wakampata James Bond wa Ian Fleming mwaka 1953, mpelelezi wa Malkia, ambaye Willy Gamba amefanana naye kama ndugu wa kunyonya ziwa moja. Yaonekana kila taifa linapoogopa au linapojivuna hujitengenezea mtu asiyeshindika, likamtuma kwenda kupigana mahali pake.

Sasa tuseme mema yake, maana yako.

La kwanza: hofu iliyomzaa Willy Gamba ilikuwa hofu ya kweli. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa kule Addis Ababa, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipita humo, na adui zao waliwafuata huko huko. Dkt. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mtu alipokea kitabu, akakifungua, akafa. Basi msomaji wa mwaka 1974 aliposoma kwamba majasusi wamo mjini, wanakula hotelini na kupanda teksi kama watu wengine, hakudhani kwamba mtungaji anaota. Bwana Musiba aliitwaa habari ya mabalozi na makamati, ambayo mkulima hakuiona kwa macho, akamfanya aione. Vijana wengi walijua kwamba Msumbiji haiko huru kwa sababu Willy Gamba aliwaambia, kabla ya mwalimu.

La pili: Willy anapigania Afrika yote, wala si Tanzania peke yake. Anakwenda Nairobi na Kinshasa kama mtu aendaye kwa shangazi yake. Rafiki zake wametoka nchi mbalimbali, na damu ya mmoja ni deni la wote. Hili ni jambo jema kulisoma katika nchi yetu ya mpakani, ambako watu husahau upesi kwamba jirani ni ndugu.

La tatu ni lugha. Kabla ya hapo, kijana aliyetaka kusoma habari za mtu jasiri, mwenye akili na gari la mbio, mara nyingi alimkuta ni Mzungu, naye Mwafrika ndiye mbeba mizigo au mlinzi wa mlango. Bwana Musiba aliyapindua mambo, na kwa Kiswahili. Sentensi zake ni fupi, zakwenda mbio, wala hazimlazimu mtu kufungua kamusi. Tumewaona watu ambao tangu waache shule hawakusoma kitabu kingine, nao wamemaliza vitabu vya Willy. Mwalimu anayelidharau jambo hilo hajui kazi yake ilivyo ngumu.

Hayo tumeyasema kwa moyo mweupe. Sasa tuseme yanayotuuma.

Fikirini mashujaa waliosimuliwa na wazee. Watu wa pwani wanaye Fumo Liyongo, jitu lenye nguvu lisilodhurika kwa silaha yo yote, isipokuwa kwa kuchomwa kitovuni kwa shaba. Siri hiyo alikuwa nayo yeye na mama yake, na mwisho akaijua mwanawe mwenyewe, naye ndiye aliyemwua. Ng'ambo ya ziwa letu, Wajaluo wanaye Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, mikuki ikamgonga ikaanguka. Lakini nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake, na mke aliyeletwa kutoka kwa adui akaitambua siri hiyo. Na ninyi nyote mwamjua Samsoni na nywele zake. Hata huku kwetu Buhaya, wapiga enanga waliokaa barazani pa wafalme, na baadaye katika karamu za arusi, waliimba usiku kucha habari za watu wa namna ya Rukiza, na wasikilizaji walikaa kimya si kwa kuwa shujaa hawezi kufa, bali kwa kuwa anaweza.

Tazameni jinsi hadithi hizo zilivyo na hekima. Kila shujaa amepewa mahali pa kuingilia mkuki. Na mahali hapo hapajulikani na adui aliye mbali. Pajulikana na mtu wa nyumbani: mama, mke, mtoto. Maana wazee walijua kwamba mtu hupigwa pale anapopenda. Asiyependa mtu ye yote hana pa kupigwa. Liyongo hakuwa mpumbavu kumwambia mwanawe siri yake. Alikuwa baba.

Willy Gamba hana kitovu cha shaba. Hukamatwa, hupigwa, hufungwa, lakini sisi twajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba atatoka, maana kitabu kingine kinamngoja. Twaogopa kwa ajili yake kama mtu anayeogopa mchezo wa kamba: moyo wadunda, lakini hatuhuzuniki. Kwa hiyo, ingawa kila mara anasema kwamba yu tayari kuifia nchi yake, neno hilo halina uzito. Mtu asiyeweza kufa hawezi kutoa uhai wake. Anaweza kutoa nguvu zake, na wakati wake, na risasi zake tu. Hii ndiyo kasoro kubwa ya vitabu hivi, nayo si kasoro ya adabu bali ya usanii. Shujaa asiyekuwa na la kupoteza hawezi kutufundisha thamani ya kitu anachokilinda.

Hatukuligundua hili kwa akili yetu. Tulifunuliwa na mzee mmoja jirani yetu, ambaye hakusoma sana. Alikuja kwa shauri la mpaka wa shamba, akakiona kile kitabu, akauliza kinasema nini. Tukamsomea kurasa kadhaa kwa sauti, mahali pa mapigano. Alicheka sana, akapiga goti lake kwa kiganja. Kisha akanyamaza, akauliza, “Mwalimu, huyu bwana ni mzaliwa wa wapi?”

Tukamjibu, “Wa Tanzania, tata.”

“Tanzania ni kubwa. Kibanja chao kiko wapi? Mama yake yu hai? Nani anampikia?”

Tukafungua kurasa, tukatafuta, tusipate jibu la kumpa. Mzee akatikisa kichwa, akasema, “Sisi tulipokwenda, kila mtu alikuwa na mama.”

Alikuwa akinena habari za vita vya 1978. Ninyi wa huku hamhitaji kukumbushwa, lakini watoto wenu wanahitaji. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini mwetu, wakaitwaa ile nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa, na walioponea wakavuka mto na kushika njia na mizigo yao kichwani. Jeshi letu likaongezewa mgambo kwa maelfu, wakulima na walimu na makarani, wakaenda kwa miguu katika matope ya masika, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wetu ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto ule.

Mzee wetu alikuwa katika mgambo wale. Alituambia kwamba viatu alivyopewa vilikuwa vidogo kwa mguu wake, akavikata vidole. Alituambia kwamba kazi yake ya siku nyingi ilikuwa kubeba masanduku ya risasi za watu wengine. Alimzika mwenzake mmoja, na kabla ya kumzika alimvua sweta, kwa kuwa usiku ulikuwa wa baridi na marehemu hakuihitaji tena. Na kwamba aliporudi nyumbani alilipeleka sweta lile kwa mama wa marehemu, naye mama akalinusa, asiseme neno. “Hiyo sura haimo katika kitabu chako, mwalimu,” akasema.

Kikosi cha Kisasi kilitoka mwaka huo huo wa 1979. Hatusemi kwamba Bwana Musiba alikosa kwa kuandika habari za Kinshasa badala ya Kyaka; mtungaji ana uhuru wa kuchagua uwanja wake. Twasema tu kwamba katika mwaka ule nchi yetu ilikuwa na mapenzi ya namna mbili. Yako yale ya kitabu, ambayo hufanywa na mtu mmoja kwa bastola, kwa siku chache, na baada yake kuna starehe. Na yako yale ya masanduku na viatu vidogo, ambayo hufanywa na watu wengi wasiojulikana, na baada yake kuna mama anayenusa sweta.

Jambo jingine ni la wanawake. Katika vitabu hivi mwanamke huja karibu kila mara kwa njia moja katika mbili: ama ni mtego wa adui, ama ni tunzo ya mshindi. Wakristo wengi hukasirika kwa sababu ya mambo ya chumbani, nasi hatusemi kwamba wanakosea. Kijana wa miaka 13 hapati faida hapo, wala katika kule kunywa kwingi kusikolewesha. Lakini hata mtu asiyejali dini yapasa aone hasara ya usanii iliyopo. Katika hadithi ya Liyongo kuna kijakazi aitwaye Saada, ambaye aliupeleka gerezani mkate wa pumba wenye tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate ule kwa kuwa ni wa pumba, wakampa mfungwa, naye akakata pingu akatoka. Bila mjakazi yule, nguvu zote za Liyongo zingaliozea gerezani. Mtungaji wa zamani alimpa mwanamke maskini kazi iliyookoa hadithi nzima. Willy Gamba, pamoja na usasa wake wote, amewarudisha wanawake nyuma ya Saada.

Najua mtatujibu: hadithi ni hadithi, mtu husoma ili apumzike baada ya jembe. Ni kweli, na sisi si adui wa mapumziko. Lakini hadithi haiishi msomaji anapofunga kitabu. Majina yale ya kalamu ya risasi pembezoni mwa kurasa yalitueleza hivyo, maana wawili kati ya wasomaji wale walikuwa wamejiandika “Willy” mbele ya majina yao. Kijana akitamani kuwa Willy, anatamani nini? Ikiwa ni ujasiri, na kuwachukia wanaoonea wanyonge, heri. Ikiwa ni gari, na hoteli, na ruhusa ya kuua bila kuulizwa kwa kuwa umetumwa na mkubwa, hapo pana hatari. Maana nchi nyingi za jirani zimeona vijana waliopewa bunduki na kuambiwa kwamba ni mashujaa wa taifa. Waliochoma nyumba kaskazini ya Kagera nao walikuwa na Chifu wao, na walidhani kwamba wanaitumikia nchi.

Je, tuvichome vitabu hivi, kama mzazi mmoja alivyotushauri? Hasha. Kuchoma kitabu ni kukiongezea utamu. Na tena tungekuwa wanafiki, sisi tuliomaliza mafuta ya taa. Vitabu vya Bwana Musiba vina mahali pake katika Kiswahili. Vilifundisha mkono wa mtu wa kawaida kushika kitabu bila kuamriwa, na vilisema kwa sauti kuu kwamba Mwafrika hatatawaliwa, wakati ambapo nchi kadhaa za kusini mwa bara hili zilikuwa bado kifungoni. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na mwaka 1994 utawala wa Makaburu ukakoma, na Kamati ya Ukombozi ikafungwa kwa kuwa kazi yake imekwisha. Willy alikuwa upande wa haki. Hilo hatutamnyang'anya.

Bali twashauri kwamba asisomwe peke yake. Anayesoma Willy Gamba na asome na Liyongo. Na akimaliza, na ashike njia aende Kaboya, huko Muleba, mahali walipozikwa askari wetu wa vita vile. Si mbali. Atembee kati ya makaburi, ayatazame yalivyopangwa kwa safu. Pale hataona aliyekuwa peke yake, wala asiyekuwa na mama.

Sisi tulimrudishia yule kijana kitabu chake. Tulimwambia asikilete tena darasani, na tukampa kazi moja: akisome hata mwisho, kisha aandike katika karatasi moja jambo ambalo hakuliona mara ya kwanza. Tulidhani ataandika habari za bastola. Baada ya wiki mbili aliileta karatasi. Alikuwa amehesabu watu waliokufa katika kitabu chote, mistari kwa mistari, kama mtu ahesabuye mikungu ya ndizi. Chini yake aliandika kwamba wengine hawakupewa hata majina, naye ameona si vizuri, basi ameacha nafasi wazi kwa kila mmoja wao.

Karatasi ile tunayo hata leo. Tumeiweka ndani ya kitabu cha historia, katika ukurasa wa Mkwawa.